Mkono Shinani mwa Mnazi

Nilifundishwa kukwea minazi na watu wawili. Wa kwanza alikuwa kaka yangu, naye kwa kukwea alimshinda yule wa pili mbali sana. Wa pili alikuwa Mzigua mnene, mwenye tumbo lililomtangulia njiani, na huyo ndiye aliyenifundisha.

Kaka alikuwa mkwezi wa shamba moja kaskazini ya Bagamoyo, kwenye njia iendayo kivukoni mtoni. Mwenye shamba alikaa Unguja, hatukupata kumwona. Tuliyemwona ni msimamizi wake, mtu wa punda na mwavuli, naye ndiye aliyetupa kibanda tulichokaa, mama, kaka na mimi. Kibanda kile kilikuwa cha mkwezi wa shamba. Asiyekwea hakai humo. Hakuna aliyetuambia hivyo, lakini tulijua, kama mtu anavyojua kwamba jeneza lililoegemezwa ukutani msikitini si la kulalia. Baba alikuwa amekwenda bara na msafara, mzigo kichwani, na hakurudi. Uso wake siukumbuki.

Mimi nilikuwa mtu wa haya. Nilisoma Kurani chuoni hata nikaweza kuandika, polepole kama ninavyoandika sasa, na baada ya hapo sikujua la kufanya na mikono yangu. Kaka akasema, "Njoo nikufundishe kazi." Tukaenda mnazini. Akatemea mate viganja, akaupiga mnazi kofi, kama mtu anavyompiga rafiki yake mgongoni, akasema, "Nitazame mimi!" Kisha akaenda.

Nilitazama nyayo zake. Kwenye mashina ya shamba lile vilichongwa vidato, mapengo madogo ya kukanyagia, na nyayo zake zilivigusa kana kwamba havikuwapo. Zikapotea ndani ya makuti, nazi zikaanza kuanguka. Aliposhuka aliniuliza, "Umeona?"

"Nimeona."

"Basi kwea."

Nilikwea kimo cha mtu na nusu nikakwama. Kaka akaanza kupiga kelele kutoka chini. "Mguu wa kulia! Siyo huo, wa kulia! Usitazame chini! We, mbona unatetemeka kama mbuzi aliyeona kisu?" Nikateleza, nikachubuka kifua. Alicheka, akanipangusa mchanga, akakwea tena ili nione. Kesho yake vilevile, na siku zilizofuata. Alinipenda, sina shaka na hilo. Lakini yeye mwenyewe hakujua anavyokwea. Mtu wa namna hiyo hana cha kukupa. Anaweza kulifanya jambo lile tena mbele yako, upesi zaidi, basi.

Alianguka asubuhi, katika minazi ya upande wa machweo. Alishika kuti kavu. Kila mkwezi anajua kuti kavu halishikwi, ndilo neno la kwanza, na kaka alilijua. Nadhani mkono wake ulitangulia, yeye akachelewa. Mimi nilikuwa nimeinama chini, nakusanya nazi. Nilisikia kishindo nyuma yangu, nikadhani ni shada zima la nazi limeanguka. Niligeuka ili niliokote.

Tulimzika siku ileile. Yule Mzigua mnene alikuwapo mazikoni. Alikuwa mkwezi wa shamba la jirani, na Wazigua ni watani wetu sisi Wakwere, kwa hiyo kazi yake siku ile ilikuwa ni kufanya utani. Jeneza lilipoinuliwa alisimama katikati ya njia, akatemea mate viganja, akaupiga mnazi uliokuwa karibu kofi, akapaza sauti, "Nitazame mimi!" Akaukumbatia mnazi na tumbo lake lile, akapanda kidato kimoja, akaserereka akakaa chini matako pwaa. "Hivi ndivyo wanavyokwea Wakwere!" akasema. "Nipeni kitu, la sivyo maiti hapiti." Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Mama alicheka, akalia, akamtupia kanga. Mimi sikucheka wala sikulia. Nilikuwa natazama alama ya matako yake kwenye mchanga.

Siku zilizofuata nilikula nilichopewa. Nilikwenda kisimani, nikarudi. Watu walinipa mkono wa pole, nami nikautikisa na kuuachia. Maji ya kuoga hayakuwa baridi wala ya moto. Jirani mmoja alimwambia mama, "Huyu kijana ana moyo wa kiume."

Katika mashamba yale, mnazi ulioangusha mtu hufungwa ukili shinani, ukanda ule wa miyaa iliyosukwa ambao hushonewa mikeka. Hapo haukwewi tena. Anayeweza kuufungua ni mtu wa nyumba ya yule aliyeanguka, na siku anayoufungua lazima aukwee, aangue, na nazi zitolewe sadaka. Ukili wa mnazi wa kaka aliusuka mama mwenyewe. Nilimshikia miyaa.

Arobaini ilipokwisha, msimamizi alikuja kibandani. Hakushuka kwenye punda.

"Mama, Mungu amrehemu marehemu."

"Amina, bwana."

"Ramadhani inakuja, na watu hawafuturu bila nazi. Yuko mkwezi wa Saadani ananiomba kibanda hiki, ana mke na watoto. Nimemwambia angoje mwezi uandame."

"Na sisi, bwana?"

"Huyo kijana anakwea?"

Mama alinitazama. Alijua siwezi. "Atakwea," akasema.

"Basi aanze na ule wenye ukili. Nazi zake zinadondoka zenyewe, panya wanazila. Akiuangua kabla ya mwezi, kaeni. Asipouangua, msinilaumu."

Tungetoka pale tungekwenda Mkange, kwa mjomba, na Mkange mwaka ule mvua ilikataa. Waliotoka huko walisema watu wanachimba mizizi porini. Mjomba alikuwa ameshatuma mtu kutuambia tusije.

Mama alikwenda shamba la jirani kwa yule mtani, nikamfuata. Tulimkuta amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Shikamoo fundi," nikasema.

"Marahaba. Mtani, huyu ndiye unayetaka nimpandishe? Mkwere na mnazi wapi na wapi? Mkwere apande mtama."

"Na wewe mnazi gani unaokubeba?" mama akasema. "Tumbo hilo unakwea nalo, au unaliacha chini likungoje?"

"Hili nanga yangu, mtani. Upepo ukija, wenzangu wanapeperushwa, mimi nabaki." Kisha akanitazama muda, akaacha kutabasamu. "Aje kesho," akasema.

Nilikwenda nikiwa nimejifunga nguo kiunoni tayari kukwea. Hakuniruhusu kugusa shina. Tulizunguka shamba tumeinua vichwa mpaka shingo ikauma, na kwa kweli iliuma, nakumbuka kwa sababu sikuwa nikisikia maumivu mengi siku zile.

"Kuti gani limekufa hapo?"

"Lile."

"Lile litakufa Ijumaa. Lililokufa leo?"

Sikuliona. Alikaa kimya akaniacha nitafute. Hakunionyesha. Nilipoliona, limejificha nyuma ya jingine bichi, hakunisifu. Alihamia mnazi mwingine. Alikuwa na maneno mengi kupita kiasi huyu mtu. Alisema juu ya jino lake bovu, juu ya mkewe ambaye hupika mchuzi mwepesi hata ukauona uso wako ndani yake, juu ya wapagazi wa bara waliompa ndui mjomba wake. Ila ukiwa unatazama juu kutafuta kuti, alinyamaza.

Baadaye alinipeleka kwenye mnazi wenye majimoto, wale sisimizi wakubwa wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba. Akaniambia nikumbatie shina nisiachie. "Watakuuma juu huko, na huko huwezi kujikuna. Wazoee hapa." Nilikumbatia. Wakanipanda mikononi, shingoni, ndani ya masikio. Alianza kucheka, akingoja niruke. Sikuruka. Niliwaona wakiuma, ngozi ikivimba, lakini ilikuwa kama ngozi ya mtu mwingine aliyesimama karibu nami. Fundi akaacha kucheka. Alinipangusa mwenyewe kwa kuti, akanipeleka kisimani akanimwagia maji, na njia nzima ya kurudi hakusema neno juu ya jino.

Kisha akaniruhusu kukwea, na ajabu ni kwamba nilikwea. Kule kutetemeka kwa zamani hakukuwapo. Niliingia kidato baada ya kidato, nikapenya katikati ya makuti, nikakaa kileleni kama mtu aliyekaa barazani kwake. Niliona bahari upande mmoja na upande wa pili moshi wa kambi ya wapagazi, na bendera nyekundu ya Sayyid wa Unguja mbali kule forodhani, ndogo kama ukucha. Sikuona uzuri wake wala ubaya. Niliangua nazi, nikashuka. Wanawake waliokuwa wakikusanya nazi wakapiga vigelegele. "Kaka mtu amerudi!" walisema. Maneno yale yalinipita.

Kila nilipokuwa juu, fundi alisimama chini ameweka kiganja cha kulia juu ya shina, kichwa kimeinama, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Hakupiga kelele. Hakuniambia mguu wa kulia wala wa kushoto. Mwanamke mmoja alimwuliza, "Fundi, mbona huyu humwambii kitu? Wenzio wanafundisha kwa sauti."

"Aliye juu ana masikio mawili tu," akasema, "na yote ana kazi nayo."

"Na mkono huo wa nini? Unauzuia mnazi usianguke?"

"Nausikiliza. Mguu wake ukisitasita huko, mimi nausikia hapa. Ukiniwekea kelele sisikii."

Msimamizi alipita siku moja akaniona nikishuka. Alifurahi. "Huyu tayari!" akasema. "Kesho afungue ule mnazi wenye ukili, tumalize."

"Bado, bwana," fundi akasema.

"Bado nini? Anakwea kukushinda wewe."

"Ananishinda. Lakini bado."

"Mwezi haukungojei wewe, Mzigua," msimamizi akasema, akampiga punda kisigino.

Jioni ileile fundi alikuja kibandani. Mama alikuwa nje anasuka makuti ya kuezekea. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya ukuta wa udongo, na walijua nipo.

"Mtani," mama alisema, "unatufukuza hapa?"

"Mwanao haogopi."

"Si ndiyo kazi yako? Si nilikupa umtoe hofu?"

"Hofu hatolewi mtu. Nisikilize. Wote niliowafundisha, na hodari wamo, wakifika pale pa kuliacha shina na kushika makuti, mnazi hutetemeka kidogo. Hata mimi nikifika pale hutetemeka, na mimi nimezeekea juu huko. Huyu hatetemeshi kitu. Anakwea kama moshi. Moshi haujali kama utarudi."

"Labda ni hodari."

"Siku ile majimoto walimjaa hata masikioni, hakujikuna. Mkono uliokufa ganzi ukiuweka jikoni unaungua, na mwenyewe anasikia harufu anauliza nani anachoma nyama. Nilicheka, mtani, halafu nikaogopa."

Mama hakucheka. Nilisikia makuti yakichakarika mikononi mwake. "Mwezi unakaribia," akasema.

"Najua."

"Ukiandama tutakwenda Mkange."

"Mtakwenda Mkange na njaa yenu, wawili. Akiukwea ule mnazi hivi alivyo, utakwenda peke yako."

Mama alimaliza kuti alilokuwa akisuka. Baadaye alimwambia achukue muhogo uliobaki, maana jino lake lisingemruhusu kula kitu kigumu, naye akasema muhogo wenyewe ni mgumu kama roho ya Mkwere. Akaondoka. Mimi nilikuwa nimeuegemea ukuta. Nilifikiri ningepaswa kuwa na hasira, au shukrani. Nilitafuta mojawapo kama mtu anavyotafuta kitu mfukoni, na nikauacha mfuko mtupu.

Tangu kesho yake fundi alinirudisha nyuma. Alinipeleka kwenye kitamli, mnazi mfupi wa madafu ya manjano, ambao mtoto huchuma akiwa amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa. Wanawake walicheka sana. "Fundi, umemshusha cheo? Jana tulimpigia vigelegele!" Kaka angaliona angalikufa kwa aibu. Mimi nilikwea kitamli, nikashuka.

"Kidato cha kwanza kina nini?" fundi akaniuliza.

"Sijui."

"Rudi."

Nikarudi. "Kina unyevu," nikasema niliposhuka.

"Cha pili?"

"Sijui."

"Rudi."

Hivyo asubuhi nzima, na asubuhi nyingine. Cha pili kilikuwa na ukingo uliovunjika. Kilichofuata kilikuwa na mchanga alioacha mtu mwingine mguuni. Alitaka nijue kila kimoja kwa wayo, na alitaka nijue kama ni cha baridi au kimepigwa na jua. Sikuelewa faida yake. Nilipokosea hakukasirika, alisema "rudi" kwa sauti ileile ya mtu anayeomba chumvi. Nikaanza kuona kwamba nyayo zangu zina maneno. Jambo dogo, lakini kabla ya hapo hazikuwa na kitu.

Halafu akanirudisha kwenye mnazi mrefu na amri moja mpya. "Angua moja moja. Ukiikata moja, usiikate ya pili mpaka ya kwanza imefika chini. Ingoje."

Mkwezi hafanyi hivyo. Mkwezi hukata na kukata, nazi zikaenda kama mvua, na walio chini hukaa mbali. Kungoja nazi moja ifike ni kupoteza asubuhi. Mwezi ulikuwa umebakiza siku za kuhesabia vidole, na sisi tunangoja nazi. Lakini nilikuwa nimezoea kumtii.

Nilikwea, nikapenya, nikakaa. Nikaikata ya kwanza. Iliniacha mkononi, ikaenda, na kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha nikasikia.

Siku zile nilikuwa nimeangusha nazi nyingi sana, na zote zilikuwa zimeanguka bila sauti. Hii ilipiga. Na kishindo chake kilikuwa kilekile. Nikajua niligeuka kuokota nini asubuhi ile.

Miguu ilianza. Ilitetemeka kwanza magotini, ikapanda, mpaka makuti niliyoyashika yakawa yanachakarika kana kwamba kuna upepo. Nikaona nilipo. Niliona shina lote jembamba linavyokwenda chini, na ardhi ngumu, na kwamba hapakuwa na kitu kati yangu na yake ila hewa. Nilikumbatia shina la kuti bichi, nikafumba macho. Jasho likawa baridi. Lilikuwa baridi kweli. Nililisikia likinitiririka mgongoni.

"Ana nini huyo?" mwanamke mmoja aliuliza chini. "We kijana! Umeumwa?"

Hakusikika tena. Baadaye waliniambia kwamba fundi aliinua mkono wa kushoto kuwanyamazisha, na wa kulia hakuutoa kwenye shina.

Hakuniita. Nilingoja aniite, nilingoja ile sauti ya kaka, mguu wa kulia, siyo huo. Haikuja. Muda mrefu hakikuja kitu. Kisha nikasikia ndani ya mnazi wenyewe, chini ya nyayo zangu, kitu kikigonga. Fundi alikuwa analipiga shina kwa kiganja, pole, kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni. Piga, nyamaza. Piga, nyamaza. Mguu wangu ulitafuta kidato penye lile pigo ukakipata. Kilikuwa kikavu, na ukingo wake wa kushoto umelika. Pigo jingine, mguu mwingine. Nilishuka mnazi mzima nimefumba macho.

Chini nilitapika. Fundi alinisubiri, akanipa maji ya dafu.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia, fundi."

Akakaa kwenye mchanga kwa kishindo, akajifuta uso. Niliona yeye mwenyewe amelowa jasho kuliko mimi. Sijui mpaka leo kama alikusudia lile la nazi moja moja lije kuwa vile, au alikuwa anajaribu tu, kama alivyojaribu majimoto na kitamli. Sikumwuliza. Kisha akaanza kunieleza juu ya jino lake.

Msimamizi alipita tukiwa tumekaa palepale. Aliniona nilivyo, midomo myeupe, magoti hayajatulia. "Huyu amekuwaje?" akasema. "Juzi alikuwa simba. Leo anatetemeka kama mwari!"

"Naam, bwana," fundi akasema. "Sasa tayari."

Msimamizi alimtazama kama anayemwona mwenda wazimu. "Kesho asubuhi nitakuwapo," akasema. "Jioni watu watautafuta mwezi. Asipoangua, wa Saadani anaingia."

Asubuhi tulikwenda kwenye mnazi wa kaka. Mama alichukua makuti yake, akakaa mbali kidogo akisuka, mgongo umeelekea kwetu. Msimamizi alikuwa juu ya punda, mwavuli umefunguliwa. Nilipiga magoti kufungua ukili. Fundo lilikuwa limekaza kwa mvua na jua, vidole vikawa havinitii, nikalifungua kwa meno. Ladha yake ilikuwa ya vumbi na chumvi. Nilimpelekea mama. Aliuchukua bila kunitazama, akaukalia.

Nilitaka fundi aniambie neno. Aliweka kiganja chake juu ya shina.

Nilikwea nikiogopa kila kidato. Sitasema niliacha kuogopa mahali fulani, sikuacha. Miguu ilitetemeka, nikangoja itulie, nikapanda kimoja, ikatetemeka tena. Punda alikoroma. Kilikuwapo kidato chenye doa jeusi la utomvu, na nilijua nyayo za kaka zilikigusa mara nyingi bila kukijua. Nilijua mkono wa fundi upo kule chini. Kila nilipokwama lilikuja pigo moja, jepesi, la kunijulisha kwamba ananisikia.

Karibu na makuti nilikwama tena, nikangoja pigo. Halikuja. Kaka alinikataza kutazama chini. Fundi hakuwahi kunikataza, kwa hiyo nilitazama. Alikuwa ameuacha mnazi. Alikuwa anakwenda zake kwa mama, tumbo mbele, mikono nyuma, na upepo ukaniletea sauti yake.

"Mtani, makuti gani haya? Ukiezeka haya, mvua itaingia kabla yako."

"Suka wewe basi."

"Mimi ni mkwezi, sisuki."

"Huko juu mbona huendi?"

"Yuko mwenye kwenda."

Hakugeuka kunitazama hata kidogo. Shina lilikuwa linatetemeka, na yeye hakuwa akilisikia. Nilikuwa nalisikia mimi peke yangu.

Niliingia kwenye makuti. Pale lilipokuwa lile kuti kavu lililoanguka na kaka palikuwa na kovu, limeanza kukauka na kuwa la kijivu. Jirani yake kulikuwa na kuti bichi. Nililivuta kwa nguvu zangu zote, nikalivuta tena, ndipo nikalipa uzito wangu. Nikakaa. Nikakata nazi ya kwanza, nikangoja ifike.

Msimamizi alifunga mwavuli, akageuza punda. Mama aliinua kichwa kwa kile kishindo. Alitazama kwanza chini, pale ilipoangukia, kisha akatazama juu kunitafuta, na hakunipata. Nilitikisa kuti ili anione. Akaniona. Akarudi kwenye makuti yake, nami nikakata ya pili.